Mzee Hija Silima Jecha, Aliyezima Taa za Mtondooni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Waheshimiwa masheikh, Sheha wetu, wazee, ndugu na majirani wa Mtondooni, Wingwi na kokote mlikotoka: familia inakushukuruni kwa kuitikia hitima hii ya leo, Jumatatu tarehe 20 Februari 2023. Haya ni maisha ya mzee wetu kwa ufupi, kama tulivyoyaona na kama alivyotuhadithia mwenyewe. Yameandikwa na yanasomwa na mjukuu wake, Jecha Silima. Tukikosea tarehe, waliokuwapo watusahihishe baada ya dua.

Mzee Hija Silima Jecha alizaliwa Wingwi, Kaskazini Pemba, siku ya Alkhamisi tarehe 12 Machi 1953. Baba yake, Mzee Silima Jecha, alilima muhogo na kufuga ng'ombe watatu. Mama yake alikuwa Bi Bimkubwa Nyange. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita, na leo aliyebaki katika hao ni dada yake mmoja, Bi Time, ambaye yuko ndani pamoja na kina mama. Bi Time anasema kaka yake alipokuwa mdogo hakupenda kulala mapema. Alikuwa akikaa karibu na koroboi mpaka pua ikawa nyeusi kwa moshi, na mama akimfukuza alikuwa akijibu kwamba hana kazi, anatazama tu.

Alisoma chuoni kwanza, akahitimu Msahafu akiwa na miaka minane. Skuli alianza Wingwi mwaka 1962, na Mapinduzi yalimkuta darasa la tatu. Baada ya hapo alipata nafasi ya sekondari Wete, akakaa kwa jamaa wa mama yake hadi mwaka 1971. Masomo ya sayansi aliyapenda kuliko yote. Alitaka kuendelea, na walimu wake walitaka aendelee, lakini mwaka huo baba yake alipatwa na maradhi ya kiharusi, na mwana aliyekuwa karibu alikuwa yeye. Hakuwahi kulalamika kwa hilo. Ila kila alipopita mbele ya ile skuli, hata akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, alipunguza mwendo.

Mwaka 1972 alianza kujifunza kutengeneza redio kwa Fundi Mabruki, pale Wete, karibu na bandari. Betri za redio zilikuwa shida kupatikana miaka ile. Wateja walikuwa wakileta zilizokwisha, na kazi ya kwanza ya Hija ilikuwa kuzianika juu ya bati asubuhi na kuzianua adhuhuri, zikiwa zimepata uhai wa taarifa ya habari moja au mbili. Baadaye alizoea kusema kwamba yeye alianza umeme wa jua kabla ya wazungu.

Tarehe 15 Oktoba 1976, siku ya Ijumaa, alifunga ndoa na Bi Mwanakhamis Jaribu wa Mtondooni, akahamia kwao mke, jambo ambalo wenzake walimtania kwalo kwa miaka mingi. Waliruzukiwa watoto wanne. Wa kwanza, Bi Siti, alizaliwa Aprili 1979, masika imekaza, na njia ya Wingwi haipitiki. Mkunga alikuja kwa miguu. Taa iliyokuwapo ni tochi moja, na aliyeishika ni Hija, amesimama nje ya pazia, mkono ameuingiza ndani, uso ameugeuza ukutani. Tochi ikafifia, kisha ikazimika. Alikimbia kwa jirani kuomba betri za redio, na aliporudi mikono mitupu sauti ya mtoto ilikuwa imeshasikika. Akauliza kilichozaliwa ni nini. Mkunga akamjibu kutoka gizani, "Kapata mtoto. Mengine subiri taa."

Kwa muda wa nusu saa, mpaka betri zilipopatikana kwa jirani mwingine, hakuna aliyejua kama ni mwanamke au mwanamume, wala kama mama yake anatoka damu ya kawaida au ya hatari. Jambo la kwanza familia inalisimulia kwa kicheko. La pili yeye hakulicheka hata mara moja. Aliliweka moyoni kwamba kina mama wa Mtondooni lazima wapate chumba kimoja chenye taa ambayo haizimiki katikati ya kazi. Maisha yake yote yaliyofuata ni habari ya chumba hicho.

Kituo chetu cha afya kilipofunguliwa, aliacha redio na kuomba kazi ya mhudumu. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1986. Alifagia, alichota maji, alibeba wagonjwa. Julai 1998 zililetwa paneli mbili za sola kwa ajili ya friji ya chanjo, na yeye akapelekwa Chake Chake wiki mbili kufundishwa kuzifunga na kuzitunza. Alirudi na kitabu chenye picha. Katika picha, paneli zilikuwa zimeelekezwa kusini. Alizifunga kusini, kama kitabu kilivyosema.

Friji haikutosheka. Kila siku saa kumi taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Hija alikagua waya moja baada ya moja, akafuta paneli, akafungua betri, akafunga. Ulikuwa msimu wa karafuu, na Bi Mwanakhamis alikuwa anaanika uwanjani. Siku moja alisimama na jamvi lake kichwani, akatazama juu ya paa la kituo, akamwambia mumewe, "Hija, majamvi yote ya mji huu yako upande wa kibla. Jua mwezi huu liko kibla. Weye mbona umelipa kisogo?"

Alimjibu kwamba kitabu kimesema kusini. Bi Mwanakhamis akamuuliza kama aliyeandika kitabu hicho alipata kuanika karafuu Pemba. Siku tisa Hija alibishana na kitabu, na siku ya kumi alipanda juu, akazigeuza paneli kibla, yaani kaskazini. Jioni taa nyekundu haikuwaka. Watu walisema mitambo ya Hija imesilimu. Yeye kila mgeni aliyekuja kukagua alimpa historia hiyo kamili, na kila mara aliimaliza kwa kusema kwamba mwalimu wake wa sola ni Mwanakhamis, na kile kitabu ni msaidizi.

Mwaka 2009 mradi mmoja ulitujengea mtambo mkubwa zaidi hapo kituoni: paneli nyingi, betri ishirini na nne, na nyaya zilizokwenda msikitini, skuli na katika nyumba sitini na moja. Kila nyumba ilipata balbu mbili. Hija aliteuliwa msimamizi. Siku ya kuwasha palichinjwa ng'ombe. Wenye mradi walipiga picha, wakaondoka, na hawakurudi tena. Umeme wa waya ulipokuja Pemba, nguzo ziliishia njia panda, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka hapa tulipokaa. Ziko pale mpaka leo.

Basi msimamizi alibaki na mtambo usio na mwenyewe na kijiji kinachotaka taa. Alitufundisha kuishi na kidogo. Alipita nyumba kwa nyumba kwa miezi mitatu akibadilisha balbu za moto kwa balbu ndogo nyeupe zisizokula umeme mwingi, na zile za moto alizivunja mwenyewe ili zisirudi. Chumba cha kujifungulia alikipaka chokaa mara mbili, kuta na dari, ili taa moja ifanye kazi ya mbili. Friji aliihamisha kutoka ukuta wa magharibi, akaezeka kipenu cha makuti nje ya ukuta mpya usipigwe na jua, akaweka sheria kwamba mlango wake ufunguliwe mara mbili tu kwa siku. Pasi zilikuwa za mkaa. Anayetaka pasi ya umeme aende akanyooshe Wete.

Sheria hizo zilivunjwa mara moja kwa kishindo. Bwana Khatib, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa tuliseme, alirudi kutoka Maskati mwaka 2010 na birika la umeme. Siku ya Ijumaa aliwaalika watu chai ya baada ya sala, akalichomeka. Kijiji chote kilizimika, na kipaza sauti cha msikiti kikanyamaza Imamu akiwa katikati ya hotuba. Mzee Hija alitoka msikitini, akafuata waya mpaka mlangoni kwa Khatib.

"Chai imechemka?" akauliza.

"Bado, Mzee."

"Basi inyweni hivyo hivyo. Huo ndio umeme wetu wa wiki nzima, usimwagike."

Alikaa naye, akanywa kikombe cha uvuguvugu, akaondoka. Mpaka leo chai iliyopoa Mtondooni inaitwa chai ya Khatib.

Kufika mwaka 2013 betri tisa zilikuwa zimekufa. Hapo ndipo ilipoanza desturi ambayo watoto wetu wamekua nayo na kudhani iko dunia nzima. Mama akishikwa na uchungu, nesi wetu, Bi Masika, alimpigia simu Mzee Hija, naye alitoka na fimbo yake kupita nyumba zote. Aligonga, akasema maneno yale yale, "Zimeni, tuna mgeni njiani." Nyumba zilizimika moja baada ya moja, na nguvu yote iliyobaki ikaenda chumba cha kujifungulia. Asubuhi ilikuwa jambo la kawaida kumsikia mtu akiuliza jirani yake kama mgeni amefika na kama ni wa kike au wa kiume. Kwa hesabu ya Bi Masika, watoto zaidi ya mia tatu wamezaliwa hivyo, kutoka hapa na vijiji vya jirani, na hakuna mama aliyepotea gizani.

Watu walimpa jina la Bwana Zima. Wengine walimpa kwa mapenzi, na wengine, wakati mchezo wa televisheni umekatizwa, kwa hasira. Aliitikia kwa vyote viwili. Lakini Bi Mwanakhamis alikuwa anajua, na ndiye aliyetuambia, kwamba mzee akirudi nyumbani kutoka kuzimisha watu alikuwa hazungumzi. Mara moja alimwambia, "Natamani siku moja tu, Mwanakhamis. Niamke mpaka nilale, nisiwe na mtu wa kumwambia zima." Watu walimdhania ni mtu aliyeridhika na kidogo. Hakuridhika. Alikuwa na kiu ya mwanga kuliko sisi sote, na kila jioni aliinyima.

Bi Mwanakhamis alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2014. Siku hiyo ya kutamaniwa ilikuwa haijafika.

Agosti 2020 walikuja wapimaji wa mradi mpya wa kuboresha umeme wa jua. Walifunga mita kituoni na katika nyumba ishirini, wakasema watarudi baada ya siku kumi na nne kusoma matumizi, na kwamba kijiji kitapewa mtambo kulingana na kinavyotumia. Vijana waliielewa haraka hesabu hiyo. Walikutana na wazee barazani msikitini baada ya Alasiri, na aliyesema kwa niaba yao ni huyu anayesoma mbele yenu, ambaye wakati huo alikuwa amerudi kutoka chuo cha ufundi Unguja na cheti chake cha umeme. Waliomba kila nyumba iwashe kila kitu, mchana na usiku, kwa siku kumi na nne.

Mzee Hija alikataa. Alisema betri zilizobaki zikichoshwa siku kumi na nne haziamki tena. "Mita wataondoka nayo. Mie ntabaki na Masika na mzazi gizani."

Akaambiwa kwamba bila hivyo wataandika hatuhitaji kitu.

"Waandike watakacho. Mie n'najua tunachohitaji. Na nkiwasha leo kwa ajili ya mita, kesho ntawaambia watu wazime kwa uso gani?"

Jioni ile alitoka na fimbo yake kama kawaida. Kulikuwa na mgeni njiani. Watu walizima.

Barua ilikuja Januari 2021. Mtondooni imeorodheshwa miongoni mwa vijiji vya mahitaji madogo. Tutapewa betri nne, katika awamu ya mwisho, tarehe itatangazwa. Hapa pasemwe jambo ambalo marehemu kwa adabu yake hakulisema. Mahitaji yetu hayakuwa madogo. Kipimo ndicho kilichokuwa kidogo. Mtu anayefunga tumbo kwa kitambaa ili watoto wale, ukimpima chakula alichokula utasema ameshiba. Miaka mingi tuliambiwa tutumie umeme kwa akili, na tulipotumia kwa akili tukaambiwa basi hamuuhitaji. Haki haiwezi kuwa hivyo, na kijana yeyote aliyepo hapa asikubali iwe hivyo, si kwa Mtondooni wala kwa vijiji vitatu vya ukanda huu ambavyo bado vinasubiri.

Lakini siku ile hasira haikwenda kwa waliotupima. Ilikwenda kwa mzee. Pale pale barazani mtu mmoja alimwambia, "Umetuzima mwenyewe, Mzee Hija. Sasa tumezimika kweli." Wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kuunga mkono. Mjukuu wake alikuwa miongoni mwa walionyamaza, naye ameshamuomba radhi kwa hilo, na aliipata.

Siku tatu hakutoka. Siku ya nne alimwita mjukuu wake chumbani, akatoa chini ya godoro daftari kubwa la jalada gumu. Tangu mwaka 2013, kila alipomzimia mtu taa, aliandika jina la nyumba, tarehe, na kitu ambacho mtu huyo alitaka kukifanya kwa mwanga aliomnyima. Aliandika ili betri zikipata nguvu ajue aanze na nani. Betri hazikupata nguvu, na daftari likawa linajaa. Lilikuwa na kurasa zaidi ya mia mbili, zenye maneno kama haya. Walimu wanataka darasa la saba lisome mpaka saa tatu wiki mbili kabla ya mtihani, nimewapa saa moja. Mshoni anataka kumaliza nguo za Idd, nimemzimia, ameshonea koroboi, macho yanamuuma. Mtu anataka friji ya samaki. Mtu anataka kumsomea mama yake mgonjwa Yasini na hakuhifadhi.

Hilo ndilo lilikuwa jibu la ile barua. Mahitaji ya Mtondooni yalikuwa yameandikwa, siku kwa siku, na mtu aliyeyakatalia. Mjukuu alitaka kuondoka nalo kwenda Wete asubuhi ile ile. Mzee alilichukua tena mkononi mwake.

"Haya si yangu," alisema. "Watu wamenambia haya mlangoni kwao. Ntayapelekaje ofisini bila ya wao kujua?"

Alingoja Shaaban, mwezi ambao sote tunatakana radhi kabla ya kufunga. Madaktari wa Wete walikuwa wameshamwambia tangu mwaka 2019 kwamba moyo wake umepanuka na apunguze kutembea. Alitembea. Kila siku nyumba mbili au tatu, na baina ya nyumba na nyumba alipumzika barazani kwa mtu, mkono kifuani. Alipoletewa baiskeli ili apakiwe, alikataa, akasema hajaona mtu akiomba radhi kutoka juu ya keria. Mlangoni alitaka kwanza radhi kwa mara zote alizowazimia. Kisha alifungua ukurasa wao, akawasomea walichokitaka, akauliza kama anaweza kukipeleka Wete.

Watu wengi walikuwa wamesahau walichokitaka. Walikisikia kutoka kwake kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita au saba, na wengine walilia. Bi Kazija, ambaye ameturuhusu kumtaja, aliandikwa mara kumi na tisa, na mara zote kwa neno moja: tangu mumewe afariki, anaogopa kulala gizani. Mzee alidhani atataka lifichwe. Bi Kazija alimwambia, "Lipeleke, na jina langu uliandike kwa herufi kubwa. Wajue huku kuna mtu mzima anayeogopa kiza." Nyumba tatu zilikataa. Mzee alichukua kalamu mbele yao, akafuta kurasa zao mpaka herufi hazisomeki, na hakuna atakayejua zilikuwa na nini.

Ulibaki ukurasa mmoja, wa nyumba yake mwenyewe. Ulikuwa na maandishi mafupi ya mwezi Oktoba 2014. Mwanakhamis anataka taa wakati wa kula. Anasema hanioni uso. Nimemwambia kesho. Chini yake, tarehe nyingine: Mwanakhamis kaniuliza taa ya kula. Nimemwambia kesho. Na tarehe ya tatu, vivyo hivyo. Hakuna ya nne. Ijumaa ya mwisho ya Shaaban alikwenda peke yake makaburini, akakaa mpaka karibu na Alasiri. Aliporudi alisema ukurasa huo nao unakiliwe, uwe wa kwanza katika nakala ya kupelekwa Wete.

Baada ya Idd nakala ilipelekwa Wete. Ofisa aliyeipokea aliianza amesimama. Baadaye alivuta kiti. Alipomaliza ukurasa wa kwanza aliuliza kama mwanamke huyu yuko hai, na alipojibiwa, alifunga mlango wa ofisi akaendelea kusoma. Oktoba walikuja wapimaji wengine, na safari hii hawakuja na mita peke yake. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu wanataka nini. Aprili 2022 Mtondooni iliingizwa katika awamu ya kwanza: paneli mpya, betri mpya za aina isiyochoka upesi, taa kila chumba, friji mbili za kituo, na umeme wa kutosha mashine na majokofu ya watu. Ujenzi ulianza mwezi uliopita, Januari. Mzee alikuwa anatolewa kiti kila asubuhi, akakaa kivulini akiwatazama mafundi. Aliwauliza jambo moja tu, paneli wanazielekeza wapi. Walipomjibu kibla, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema wamefundishwa vizuri.

Tarehe 2 Februari maji yalijaa mapafuni, akapelekwa hospitali Wete na kulazwa. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa kila walichokuwa nacho, na familia inawashukuru. Kila siku aliuliza mafundi wamefika wapi. Aliomba wasimngoje.

Hawakumngoja. Alkhamisi tarehe 16 Februari, saa nne asubuhi, mtambo uliwashwa. Kiasi cha saa sita mchana Bi Masika alipiga simu, ikawekwa karibu na sikio lake. Alimwambia, "Mzee wangu, tumewasha. Chumba cha wazazi kinawaka, na nyumba zote zinawaka."

Mzee akauliza, "Mmemzima nani?"

"Hatukumzima mtu."

"Masika. Nani kazimwa?"

"Hakuna, Mzee. Hakuna hata mmoja."

Alifunga macho. Tulidhani amelala. Baadaye alisema, kwa sauti ambayo Bi Masika huko Mtondooni aliisikia vizuri, "Basi waache."

Hiyo ilikuwa siku aliyoitamani. Aliipata akiwa mbali nayo, kitandani, kupitia simu, na hatujui kama ilimtosha. Alfajiri ya Jumamosi tarehe 18 Februari 2023, mwishoni mwa Rajab 1444, alitutangulia mbele ya haki akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, akazikwa siku hiyo hiyo hapa Mtondooni, kando ya mkewe. Tangu mtambo uwashwe hakuna aliyetugongea mlango. Tunakaa penye mwanga tuliouomba miaka yote, na masikio yako nje.

Marehemu ameacha watoto wanne, Siti, Khairiya, Silima na Nyange, wajukuu kumi na saba, vitukuu watatu, na dada yake, Bi Time. Ameacha pia wasia mmoja. Alisema taa zikishawaka, daftari lisiwekwe kabatini wala lisionyeshwe kwa wageni. Lifunguliwe nyuzi, na kila nyumba irudishiwe kurasa zake, kwa sababu alikuwa amezishika amana. Kurasa ziko mezani, karibu na mlango wa barazani, zimekunjwa na kuandikwa majina kwa nje. Baada ya dua, tunawaomba kila mmoja apite achukue wake. Ambaye mwenyewe ameshafariki, achukue mrithi wake.

Ukurasa mmoja hautakuwa na wa kuuchukua. Watoto wake wamekubaliana ubaki nyumbani, pale walipokuwa wakila.

Ewe Mola wetu, mja wako Hija amechoka kutembea. Mpumzishe, mtilie nuru kaburini mwake, na umkutanishe na Mwanakhamis pale ambapo atamuona uso. Amin.